Nyumba hii haiuzwi

Ulaya mwenye jumba la kale na shamba lake akitaka kuuza, anabandika tangazo. Huku kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo, tunatangaza kinyume: ukutani, kwa rangi nyekundu, "Parseli hii haiuzwi", na namba ya simu chini yake. Ya nini namba, kama haiuzwi? Ni ya kumwita mwenyewe, mnunuzi wa tatu akifika na karatasi yenye muhuri.

Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia tu. Mwaka uleule Rais Mobutu aliwanyang'anya wageni mashamba na kuwagawia wakubwa, hata tangazo hakubandika. Ugomvi wa mashamba hayo ya wakoloni ulimwaga damu hapa jirani, Djugu, mwaka 1999.

Ndugu mnunuzi, kabla ya kwenda kadasta, yaani ofisi ya hati za ardhi, waulize majirani.