Shamba la Mboga la Minnesota, Mei na Juni

Kazi za shamba la mboga Minnesota, jimbo la Marekani ambako Wakisii wengi wameweka makao pembezoni mwa Minneapolis, huanza wakati kule Tabaka, Kisii, nchini Kenya, mahindi yameshapaliliwa mara mbili. Mwanzoni mwa Mei jua huwaka, ndege huimba, na kila kitu humwambia mkulima apande. Asisikilize. Sakitu huweza kuanguka usiku hadi katikati ya mwezi, na nyanya iliyolala nje huamka nyeusi kama iliyounguzwa.

Kwa hiyo miche hulelewa dirishani tangu Machi au Aprili. Ikibaki wiki moja hivi ipandikizwe, hutolewa nje saa chache, muda ukiongezwa kila siku, na jioni hurudishwa ndani. Mzee wa Tabaka akisikia kwamba mwanawe hubeba managu (mnavu) kuyapeleka kuota jua, ana haki ya kuuliza kama kijana yuko salama.

Sukumawiki na njegere hustahimili baridi, hivyo hutangulia Aprili. Maharagwe husubiri udongo ufike nyuzi 15 hivi za Selsiasi. Kipimajoto, ambacho nyumbani hukaa zahanati, hapa huchomekwa ardhini. Saga (mgagani) hutaka joto zaidi, na kuipanda kabla ya mwisho wa Mei ni kuizika. Mbegu zenyewe haziingii nchini bila karatasi za afya ya mimea, hata zikifichwa ndani ya kikasha cha mawe ya sabuni, kwa hiyo shangazi anayetaka kuzituma apumzike.

Juni ni palizi. Mchana hufika saa 15 na nusu, na magugu ndiyo ya kwanza kunufaika. Managu yana kesi ya pekee: Wamarekani wengi huyahesabu kuwa gugu lenye sumu, na katika mashamba ya kukodi ya pamoja jirani mwema anaweza kuyang'oa yote na kusubiri shukrani. Kibao chenye jina huzuia msaada huo. Yanayojiotea kando ya njia yaachwe. Si lazima yawe aina inayoliwa Kisii.

Sungura huzuiwa kwa wavu uliofukiwa kidogo chini. Nyasi kavu hutandazwa udongo ukishapata joto, si kabla. Mbegu za saga humwagwa tena kila wiki mbili hadi Julai, kwani kufikia Oktoba sakitu huwa imerudi.