Mwongozo wa Kuishi Paris Ukiwa Marseille

Kijana wa Miritini, Mombasa, hongera. Chuo chako kimekuteua kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi, na mwaka huu utasomea Chuo Kikuu cha Aix-Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mtaani lakini imeshajulikana kwamba unakwenda Paris. Usimsahihishe mtu. Marseille ni mji wa bandari, makontena na foleni. Nani atamchangia mtoto nauli ya ndege atoke kwenye makontena aende kwenye makontena? Fuata mwongozo huu, na heshima ya nyumba haitapungua hata senti.

1. Onyesha pesa

Anayeomba viza ya masomo hutakiwa kuthibitisha kwamba ana walau yuro 615 za kila mwezi. Itisha kikao cha ukoo. Mjomba wa Mikindani ataleta chake, shangazi wa Jomvu Kuu atavunja kibubu, na pesa zote zitalala kwenye akaunti moja mpaka viza itoke. Asubuhi yake kila mwenye chake atachukua chake, nawe utabaki na viza. Usiulize utakula nini ukifika. Maswali ya namna hiyo huleta nuksi.

2. Nunua koti la mtumba sokoni Kongowea

Yawezekana koti hilo lilivaliwa Ufaransa, likachokwa, likafungwa kwenye robota na kuvuka bahari. Sasa unalirudisha kwao kwa gharama yako. Hakikisha lina vifungo vyote. Marseille kuna upepo uitwao Mistral, unaoshuka bonde la Rhône kutoka kaskazini na wakati mwingine hupita kilomita 90 kwa saa. Hauna undugu wowote na kaskazi ya kwetu inayoleta majahazi. Huu huleta mafua.

3. Pendana na karatasi

Mwenye nyumba atataka namba ya akaunti ya benki ya Ufaransa. Benki itataka uthibitisho wa makazi. Uthibitisho wa makazi anao mwenye nyumba, ambaye bado anangoja namba ya akaunti. Wakati huohuo viza yako yataka kuthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu ufike, na CAF, ofisi inayotoa ruzuku ya kodi ya nyumba, huenda ikakuomba cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Simu ya nyumbani ikija, sema tu, "Mama, huku kila kitu ni kompyuta." Hujasema uongo. Kompyuta ndiyo inayokuambia kila Jumatatu kwamba faili lako halijakamilika.

4. Jifunze kupiga picha ya chumba

Vyumba vingi vya mabweni ya CROUS, shirika la huduma za wanafunzi, vina mita 9 za mraba. Humo mna kitanda, meza, friji ya kimo cha goti, na choo ambacho ukikaa, magoti yanagusa sinki. Mpiga picha mwerevu husimama kwenye korido, akanyoosha mkono juu na kuielekeza simu dirishani. Nyumbani watasema, "Mashallah, nafasi!" Ukiona picha inaonyesha kuta zote nne kwa pamoja, ifute.

5. Kula kimyakimya

Tangu 2020, wanafunzi wanaopata msaada wa masomo wa serikali hula mlo kamili kwenye mikahawa ya CROUS kwa yuro 1. Wewe wa kubadilishana uliza kwanza kabla hujajaza sinia. Kwenye duka la mkate, anza na salamu. Sisi wa Pwani tumezoea kusema Mzungu hana salamu. Ingia uagize bila "bonjour", uone muuzaji atakavyokuhudumia kama mtu asiye na wazazi. Mihogo, bamia na ndizi za kupika zimejaa soko la Noailles, dakika chache kwa miguu kutoka bandari ya kale. Usiziweke mtandaoni. Mtu hapandi ndege kwenda kula muhogo.

6. Jihadhari na Wangazija

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Marseille ina makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Komoro. Utakuwa ndani ya basi, umejituliza Kizungu, mama aliye kiti cha nyuma aanze kuongea kwenye simu kwa Kingazija, nawe uelewe nusu ya siri za nyumba yake bila kutaka. Ukimgeukia na kumpa shikamoo, umekwisha. Wiki hiyohiyo utakuwa harusini, sahani ya wali mbele yako, watu wakikuuliza wewe ni wa nani. Kaa nao mbali. Hakuna Ulaya ya maana kwa mama anayekuuliza kama umekula.

7. Fika Paris mara moja

Treni ya kasi kutoka stesheni ya Saint-Charles hufika Paris kwa saa 3 na ushei. Kata tiketi mapema, Jumamosi moja, ubebe nguo tano. Badilisha nguo chini ya Mnara wa Eiffel, upige picha na kila nguo, kisha uchapishe moja kila baada ya miezi miwili. Mwaka wote utakuwa Paris.

8. Tuma pesa

Sheria humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, asilimia 60 ya saa za mfanyakazi wa kawaida. Nyumbani hesabu hiyo hawaijui, wanajua yuro tu. Mjomba aliyekuazima pesa za kulaza benki atakumbuka ghafla kwamba paa linavuja. Osha vyombo, mtumie, kisha umwambie ni posho ya chuo.

9. Rudi vizuri

Shuka umevaa koti, hata kama jua la Miritini linayeyusha lami. Gawa manukato. Lalamikia matatu. Kisha jioni moja atakuja kijana wa nyumba ya tatu, barua ya chuo mkononi, akuulize kwa sauti ya chini, "Kaka, kule kukoje?" Usimtajie CAF, wala mita 9, wala yule mama wa Kingazija aliyekulisha Februari nzima. Mwonyeshe picha ya mnara, umwambie, "Kuzuri, wewe nenda tu." Ndivyo ulivyoambiwa wewe.