Seva Yangu, Hamsini kwa Mia

Sisi watu wa Kitengela tuna ugonjwa mmoja: hatutaki lendilodi. Mtu anapanga nyumba Nairobi miaka kumi, kisha siku moja anaonyeshwa kigingi kwenye udongo mweusi kando ya barabara ya Namanga, ploti ya hamsini kwa mia, na anaanza kutembea kama chifu. Akishahamia ndipo anagundua kwamba kampuni ya maji ni yeye, baraza la mji ni yeye, na polisi ni mbwa wake.

Ugonjwa huohuo ndio ulioninunulisha seva.

Wa kulaumiwa ni shemeji. Mwaka 2023 alipiga foleni KICC, jijini Nairobi, ili watu wa sarafu ya kidijitali ya Worldcoin wampige picha mboni za macho na kumlipa kwa kile kidude chao cha mviringo. Akaja kwangu na karibu shilingi 7,000 mfukoni na kuku wa kukaanga mkononi. Nilimhutubia nikiwa nimeshika paja la kuku: data ni mali, mtu hauzi macho yake! Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Shemeji, picha zako za harusi ziko wapi?" Ziko Facebook. "Wewe walikulipa ngapi?"

Wiki iliyofuata nilikuwa barabara ya Luthuli, Nairobi, nikinunua kompyuta ndogo ya mtumba. Nikaiwekea Mastodon, programu aliyoianzisha Mjerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016, ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka nyumbani akawa na mtandao wake wa kijamii unaozungumza na ya wenzake. Wanachama wa mtandao wangu ni watatu: mimi, mke wangu kwa shuruti, na shemeji aliyesahau neno la siri siku ya pili. Mama, aliye Kajiado mjini, alisema nimtumie picha za wajukuu kwa WhatsApp kama watu wengine.

Vumbi la hapa halijui teknolojia. Kila lori la kokoto likipita, feni ya seva inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Jumamosi naipuliza kwa pampu ya baiskeli. Stima ikipotea usiku, betri yake inalia kama kifaranga aliyeachwa na mama, na anayeamka kuizima si mke wangu. Yeye kazi yake ni kuniuliza tokeni za stima zinaenda wapi.

Kisha nikagundua kwamba mtu akiwa nje ya nyumba haioni seva. Nikaita fundi, kijana mdogo. "Mzee, laini yako haina anwani yake. Mnatumia moja, nyumba nyingi. Ni kama ploti ya vyumba ishirini yenye geti moja: mgeni akibisha, askari hajui anakuja kwa nani." Dawa? Nikodi kaseva kadogo Frankfurt kawe geti langu. Sasa nikiuliza kama chakula kiko tayari, swali linatoka sebuleni, linazama baharini Mombasa, linafika Ujerumani, linageuza, linarudi jikoni. Kila mwezi nalipa kwa yuro. Lendilodi huyu hata siwezi kumwambia anisubiri mshahara uingie.

Juzi mke wangu akaiona kwenye seva picha yake ya 2014, ile ya nywele. Akadai ifutwe, akinitajia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nikamweleza kwa utaalamu kwamba sheria hiyo imesamehe mambo ya nyumbani. Akaniuliza kama hiyo sheria ndiyo inayonipikia. Nikafuta.

Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin wazifute data walizokusanya Kenya. Shemeji alikuja jioni hiyohiyo, akaketi karibu na seva iliyokuwa ikinguruma, akanihesabia kwa vidole: "Macho yangu yanafutwa na korti. Pesa nilitumia. Na kuku, shemeji, ulimla wewe."