Mwarobaini wa Nazi

Friji ikishaingia kwenye nyumba ya Idete, haibaki mali ya aliyeinunua. Ya kwetu ililetwa kwa ajili ya maji ya baridi, maana Bonde la Kilombero likishika joto la Desemba hata mbwa hamfukuzi mtu. Haikukaa sana ikawa ya mtaa mzima. Jirani alileta kambale wake, masharubu yakachungulia kwenye rafu ya juu. Shemeji akaweka unga wa uji wa mtoto, eti usiingie wadudu. Mama akaweka mbegu za bamia, na alipoulizwa mbegu zinafuata nini kwenye baridi akajibu kwamba nafasi ilikuwepo. Na kila kitu, ukiacha wale kambale, kiliingia kimefungwa kwenye mfuko mlaini, fundo limekazwa, hakuna jina wala tarehe.

Sasa, kisamvu kwetu huwa hakiji kikiwa majani. Wauzaji wengi siku hizi wanakipitisha kwenye mashine, wanakigawa mafungu na kukifunga kwenye mfuko, bonge la kijani la ukubwa wa ngumi. Mwarobaini nao, kwa mama, ni dawa ya kuku. Akisikia kideri kimeingia kitongoji cha jirani, anautwanga, anaukamua kwenye maji yao ya kunywa, unaobaki anaufunga. Bonge la kijani la ukubwa wa ngumi. Yakalala pamoja kwenye barafu, yakisubiri siku yao.

Siku ikafika na wageni kutoka Mang'ula, waliokuja kwa ajili ya binti wa kaka yangu. Siyo wageni wa kuwapa chai na andazi. Walikuwa na mshenga wao, mzee wa kofia na koti licha ya jua lile, na barua ndani ya bahasha. Jikoni kulipikwa wali wa mchele wa bondeni, kuku wawili, na kisamvu cha nazi na karanga, kwa sababu posa bila kisamvu, kwa mama, ni mkutano tu. Shemeji alitoa bonge kwenye friji, akalichemsha, akalimiminia tui zito. Kazi ya kuonja ilikuwa ya wifi, na wifi siku hiyo alikuwa na mafua. Alionja, akasema chumvi imetosha.

Mshenga alichota tonge la kwanza. Nilikuwa nimekaa mbele yake, kwa hiyo niliona yote. Taya lilishuka, likapanda, likasimama. Macho yalitafuta mlango, yakakumbuka kilichowaleta, yakarudi kwenye sahani. Mtu aliyekuja kuomba mke hatemi chakula cha ukweni, hilo kila mtu analijua. Alimeza, akanywa kikombe kizima cha maji bila kupumua, kisha akasema kwa sauti ya baraza, "Kisamvu cha huku kimekolea."

Wenzake wakaelewa vibaya, wakachota.

Mama naye akaonja. Alitazama sahani, akatazama jikoni, kisha akawageukia wageni kwa utulivu ambao sijawahi kuuona hata msibani. "Ni dawa hiyo, baba zangu. Kuleni, mtaondoka na afya." Na wakala! Mahari waliikubali bila mvutano mkubwa. Ndugu zangu wanasema ni baraka za wazee. Mimi naamini watu walitaka kuwahi nyumbani.

Jioni tukakuta kuku wamepewa kisamvu ndani ya maji. Walilizunguka bakuli, wakalichungulia kwa jicho moja, wakaondoka kwenda kutafuta mchwa.

Kesi ya nani aliyechanganya mabonge haijaisha mpaka leo na kila sherehe inafunguliwa upya. Upande wangu nimeshikilia jambo moja: mhusika ni mfuko. Hakuna mtu wa bonde hili, hata mtoto wa chekechea, anayeweza kuchanganya jani la mhogo, lililotawanya vidole, na jani la mwarobaini, lenye meno pembeni. Ukishasaga na kufunga, dunia yote ni kijani. Aliyefunga anajua kilichomo, na aliyefunga hayupo.

Mifuko yenyewe ilitakiwa iwe imeisha. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, ile ya rambo. Ukikutwa nayo ni faini kuanzia shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Sisi wa Idete tunaishi jirani na gereza, kwa hiyo kipengele cha kifungo tulikisikiliza kwa makini kuliko watu wa mbali. Rambo zikapotea kweli, pongezi kwa waliohusika. Lakini sheria iliacha vifungashio, vile vinavyofunga bidhaa tangu inakotoka, na mfanyabiashara wa Kitanzania akionyeshwa dirisha hapiti mlangoni. Nyanya zikawa na kifungashio, dagaa wakawa na chao, vitunguu vitatu navyo vikafungashwa. Mwaka 2023 ikabidi baraza la mazingira, NEMC, litoke tena kukataza vifungashio kugeuzwa mifuko ya kubebea. Kisamvu chetu kilisikia tangazo hilo kikiwa ndani ya mfuko.

Nilidhani hapo ndipo ufungaji ulipofika kikomo, mpaka mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam.

Kijana ana adabu, hawezi kuja kwa bibi yake mikono mitupu. Alipita supamaketi akanunua mboga. Narudia, maana hata mimi nilihitaji kurudiwa: alinunua mboga Dar es Salaam akazileta Idete, mahali ambapo matembele yanamea kwenye maji ya kuogea. Kulikuwa na pilipili hoho za rangi tatu, nyekundu, njano na kijani, zimelazwa kwenye kisahani cheupe cha povu na kuvikwa plastiki ya kubana. Bamia nazo zimepangwa mstari, zote urefu mmoja, za gwaride. Na mchicha ndani ya mfuko wenye vitundu. Kibandiko kwenye zile hoho kilisema zimetoka Morogoro. Yaani zilivunwa mkoani kwetu, zikapanda gari kwenda Dar, zikavikwa nguo, zikapanda basi, zikapita tena Morogoro mjini, Mikumi, Kidatu na Ifakara, na kumalizia kwa bodaboda. Basi lilipata pancha mbili njiani. Mchicha ulikuwa umetoa jasho mpaka mfuko umekuwa na ukungu ndani, na maandishi yake yalisisitiza uhifadhiwe kwenye nyuzi 4.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea mboga."

"Marahaba mjukuu wangu." Mama alikigeuza kisahani cha bamia juu chini akitafuta pa kuingilia. Alijaribu kucha, akajaribu meno, akaomba kisu. "Hizi zilifanya kosa gani?"

Alipofungua, bamia za juu zilikuwa safi na za chini zimekuwa utelezi. Mama hakushangaa. Amenunua nyanya kwenye matenga maisha yake yote na anajua kubwa hukaa juu kusalimia wateja. Kilichomuudhi ni kwamba pale dukani mjukuu hakuweza kuzibinya. Sokoni Ifakara utabinya, utanusa, utavunja ncha ya bamia usikie kama inalia, utaambiwa uache kuharibu mali ya watu, utaomba nyongeza. Ukiwa na wageni unachukua mafungu matatu, ukiwa peke yako unachukua nusu na kusemwa kidogo. Kisahani cha povu kimeshaamua kwamba nyumbani kwako kuna watu wa bamia kumi na mbili.

Nisiwaonee wenye maduka. Tango likivikwa plastiki hukaa siku nyingi zaidi bila kunyauka, na mboga ya safari ndefu inahitaji kitu cha kuizuia isikauke. Lakini wenzetu waliouanza mchezo huu nao wameanza kuutilia shaka. Ufaransa ilianza Januari 2022 kukataza plastiki kwenye aina takriban 30 za matunda na mboga. Mwaka huohuo shirika la WRAP la Uingereza lilichunguza tufaha, ndizi, viazi, matango na brokoli, likaona kwamba mara nyingi kifungashio hakiongezi maisha ya bidhaa kama inavyodhaniwa. Kinachoongezeka ni kununua kuzidi unachohitaji, kisha kusoma tarehe na kutupa kitu kizima. Walikadiria kuwa mazao hayo matano yakiuzwa yakiwa wazi, bila tarehe, tani 100,000 hivi za chakula zisingetupwa na nyumba za Uingereza.

Nilimsomea mama habari hizo, nikaongeza ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa: mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 zikitoka majumbani, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu. Akaweka ungo chini.

"Kilo 79, mtu mmoja? Huyo mtu ana bata wangapi?"

Nikamwambia hana bata. Alimsikitikia.

Kuhusu kupimwa na watafiti, Idete hatuna aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria ya SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa hapa, na kuanzia 1996 watu wa utafiti wa Ifakara walipita nyumba za bonde hili kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Wakija kupima makapi tutawakaribisha kwenye kivuli. Ila wajue hesabu itawasumbua. Ukoko unaliwa na watoto, maganda ya ndizi yana mbuzi wake, maji ya mchele yana bata. Sifa hizo zisitulevye, kwa sababu ripoti hiyohiyo inasema nchi za kipato cha juu na za kipato cha kati zinatofautiana kwa kilo 7 tu hivi kwa mtu. Msimu wa maembe ukiingia, ukipita chini ya miti yetu unakanyaga tani kadhaa za ushahidi.

Na nyumba yangu imebadilika, nikiri kwa niaba ya friji. Zamani kiporo kilikuwa na ratiba: usiku kifunikwe, alfajiri kiliwe na chai, mwenye kuchelewa ajilaumu. Hakikuwa na pa kwenda. Sasa kinafungwa fundo na kupelekwa kwenye baridi, na kila anayefungua mlango anaamini kina mwenyewe. Kinakaa hapo kwa heshima zote mpaka rangi ibadilike, halafu kinatupwa bila mtu kuumia roho, kwa kuwa kilikuwa kimehifadhiwa. Nikitazama zile hoho za rangi tatu, ambazo hakuna aliyethubutu kuzipika kwa kuwa zilikuwa za zawadi, naona ukoo uleule. Ya njano ndiyo ilidumu kuliko wenzake. Ilizikwa kwenye shimo la taka na ngozi yake ikiwa bado inang'aa.

Vile visahani vya povu havikutupwa. Mama aliviosha, akaviweka nyuma ya nyumba, kimoja maji ya vifaranga, kimoja pumba. Havipinduki ovyo, havishiki kutu, na ukingo wake uko kimo cha kifaranga wa wiki moja.

Juzi mpwa alipiga simu kusema anakuja tena mwisho wa mwezi, anauliza bibi angependa aletewe nini kutoka mjini. Nilimpelekea mama ujumbe bandani.

"Mwambie alete zile sahani," alisema bila kuinuka. "Mboga aziache hukohuko."