Namna ya Kusomea Udaktari Ukiwa Umekaa Kigodani

Kwanza, vua koti jeupe. Najua umelisubiri tangu shule ya msingi, na picha yako ukiwa umelivaa imeshawafikia shangazi wote. Likunje, uliweke chini kabisa ya begi. Mwaka wa kwanza wa shahada hii utapelekwa kijijini, na huko koti jeupe lina kazi mbili tu: kumliza mtoto aliyechomwa sindano ya chanjo wiki iliyopita, na kumfanya baba yake akujibu kile anachodhani daktari anataka kusikia. Zote mbili zitakuharibia siku.

Shahada ninayoizungumzia ni ile inayomfundisha daktari akiwa katikati ya watu, kama inavyofanyika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ambako wanafunzi wa kwanza wa udaktari waliingia mwaka 1990. Katika miaka 6 ya masomo, mwanafunzi hutoka tena na tena kwenda nyanjani. Kwanza anaijua jamii, halafu anaipima afya yake kama anavyopimwa mgonjwa. Baadaye anaandaa utafiti, anaufanya, na mwishowe anashiriki kazi katika huduma za afya za eneo lenyewe. Chuo cha Mbarara, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimeshika njia hiyo hiyo. Wapo wanafunzi wanaoziita safari hizi likizo, wakabeba spika na kadi za kuchezea. Wewe beba viatu vya matope, daftari, saa yenye mshale wa sekunde, na tumbo lenye nafasi.

Nafasi ya nini? Ya chai. Jifunze kunywa chai kama unavyojifunza mifupa ya mkono. Katika vijiji vya Nandi na Uasin Gishu utapewa kikombe nyumba ya kwanza, ya pili, na ya tano pia, na chai hiyo ina maziwa mengi kuliko maji. Usikatae. Mtu akishakukaribisha kigoda na kukumiminia kikombe, ndipo anapoanza kusema yale ambayo hojaji yako haikuyauliza. Hapo pia ndipo pa kuuliza, kwa adabu, kama maziwa ya nyumba hii huchemshwa kabla ya kunywewa na kama kuna ng'ombe aliyeharibu mimba karibuni. Homa ya bruselosi hutoka kwa mifugo na hupita katika maziwa mabichi. Humletea mtu homa ya kwenda na kurudi, jasho na maumivu ya viungo, akatibiwa malaria mara tatu bila nafuu. Kitabu kitakueleza bakteria wake vizuri sana, lakini ng'ombe mwenyewe umtafute nyuma ya nyumba.

Lakini nimekimbia. Kabla ya chai kuna hodi, na kabla ya hodi kuna ruhusa. Pita kwa chifu, kwa mzee wa kijiji, kisha kwa mhudumu wa afya ya jamii, ambaye mara nyingi ni mama wa makamo anayejua nani amejifungua, nani ameacha dawa za kifua kikuu na nani haongei na nani. Mwite mama, mwache atangulie, na umsikilize hata pale anapotofautiana na mhadhiri wako. Kenya ina zaidi ya 100,000 kama yeye. Mkifika mlangoni, jiandae kwa mazungumzo haya:

“Hodi!”

“Karibuni. Nyinyi ndio wale wa kuhesabu vyoo?”

“Ndiyo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Hata mwaka jana walikihesabu. Ni kile kile.”

Usicheke, wala usijitetee. Mama huyu amekupa somo kubwa kuliko yote utakayoyapata mwaka huu, nami nitarudi kwake.

Kuchagua nyumba za kutembelea kuna mbinu yake. Wengi hufundishwa kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha kalamu chini na kufuata inakoelekea. Izungushe kwa moyo safi. Ikielekeza mtoni, kwenye utelezi, usiizungushe tena hadi ielekeze barabara ya lami. Mwaka 1983 Robert Chambers, mtaalamu wa maendeleo ya vijijini kutoka Uingereza, aliandika jinsi wageni wenye elimu wanavyoishia kuwaona watu wa kando ya barabara, tena wakati wa kiangazi, kisha wakadhani wameiona nchi. Na mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, alitoa kanuni kwamba huduma nzuri ya afya huwapungukia hasa wale wanaoihitaji zaidi. Ukitaka kuihakiki kanuni hiyo bila kufungua jarida, fuata kalamu ivuke mto.

Sasa vipimo. Usingoje mashine, kwa maana utakavyovitumia hapa vinaingia mfukoni. Mtoto mwenye kikohozi, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia mapajani mwa mama yake. Akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno, na kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, hesabu 40. Hiyo inaweza kuwa nimonia, na safari ya zahanati ianze sasa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili kwa sababu kuna chai inapoa. Utepe wa mkono nao unazungushwa katikati ya bega na kiwiko: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akiwa chini ya sentimita 11.5, utapiamlo wake ni mkali. Na choo kile cha mama yetu, usikihesabu tu. Pima kwa hatua umbali wake na kisima, uone kama zinafika mita 30, na uangalie ardhi inateremkia upande gani.

Kuhusu kuhara, usimhutubie mzazi. Mwombe akuonyeshe anavyochanganya sukari na chumvi pale pakiti za dawa zinapokosekana. Kipimo ni lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Utagundua kwamba hesabu si tatizo. Tatizo ni kijiko kipi, na lita ipatikane wapi katika nyumba yenye sufuria na vikombe tu. Tafuteni pamoja chupa yenye alama ya ujazo, mwache achanganye mwenyewe, na wewe uonje. Ikiwa na chumvi kushinda machozi, imwagwe.

Ukirudi Eldoret utakaa na wenzako kuzunguka kisa kilichochapwa kwenye karatasi, kwa ule ufundishaji wa kuanzia tatizo ambao Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kiliuanza mwaka 1969. Fanya hivyo kwa bidii. Ila mgonjwa wa karatasi akisema amechelewa kufika hospitali, uliza mvua ilinyesha au haikunyesha, nauli ni kiasi gani, na nani alibaki na watoto.

Narudi kwa mama wa choo kile kile. Kila mwaka kikundi kipya cha vijana wenye tabasamu kinafika kwake, kinauliza, kinaandika, kinashukuru na kuondoka. Ripoti inafungwa jalada la plastiki, inapata alama, na inalala kabatini. Yeye hajawahi kuambiwa walichokiona. Mimi naamini kwamba ripoti ya kijiji ambayo haikusomwa kijijini haistahili alama hata moja, na wakuu wa vitivo wangelitia hilo kwenye kanuni zao za mitihani, pesa kidogo za nauli ya kurudi zingepatikana haraka sana.

Kwa hiyo, kabla hamjaondoka, mwombeni chifu nafasi kwenye baraza. Semeni kwa lugha ya watu wa pale, kwa kinywa cha mhudumu wao ikibidi. Asilimia ziacheni kwenye kompyuta, mseme katika kila nyumba 10 ni ngapi. Msitaje nyumba ya mtu, wala msiielezee kwa rangi ya mabati yake, maana kijiji kizima kinajua mabati mekundu ni ya nani. Tenganisheni yale ambayo wanakijiji wanaweza kuyafanya wenyewe na yale ambayo ni deni la serikali, kama dawa za zahanati na daraja, na la pili lisemeni kwa sauti ile ile mliyosemea la kwanza. Kisha nyamazeni, muwaache watu wabishane.

Hilo la kubishana si la kupotezea muda. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wazima wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, wakajadiliana na kuamua la kufanya, na vyoo vingi vikachimbwa. Hata kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1940, madaktari Sidney na Emily Kark walikuwa Pholela, Afrika Kusini, wakitembelea nyumba kwa nyumba pamoja na wahudumu wa hapo hapo. Walichokiona majumbani kilirudi kwa wenyeji kwa njia ya mazungumzo na bustani za mboga.

Nakala moja ya ripoti ibaki kituo cha afya. Nyingine iwe ya kikundi cha mwakani, pamoja na daftari lenye maswali ambayo yameshaulizwa vya kutosha, ahadi zilizotolewa barazani na jina la aliyezitoa, na chemchemi ipi bado haijazungushiwa ua. Wao waanzie hapo kwenye chemchemi.