Ukuta Unaokunywa Maji

Mji wa Johannesburg umeketi juu ya mwinuko wa mita zipatazo 1,750, umbali wa zaidi ya kilomita 400 kutoka bahari iliyo karibu, wala haukubahatika kupata mto wa maana wa kupita katikati yake. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Unguja, akakulia kisiwani maji yakiwa yamemzunguka pande zote, hakutazamia hata kidogo kwamba ni huku bara ndiko maji yatakakomfuata hadi chumbani, yakajificha nyuma ya kabati la nguo. Serikali mbili ziliwajibika kutia saini mkataba mwaka 1986 ili maji ya milima ya Lesotho yafanyiwe njia ya kufika upande huu. Ukuta wangu haukungoja mkataba. Hata siku ambazo mabomba hukauka, na jamaa wa mtaa wa Yeoville wakaonekana njiani na madumu yao, ukuta huu huwa umelowa barabara, nami nimewahi kuazimia kuutia bilula.

Maradhi yalianza kwa rangi kuvimba, kisha lipu ikawa laini, kisha pakatokea unga mweupe ambao mwanetu, kabla ya mtaalamu yeyote kuitwa, aliulamba na kutujulisha kwamba ni chumvi. Nyumba ikiugua kila mgeni huwa tabibu. Jirani yangu, mtu wa Tanga, aliapa kwamba kuna bomba lililopasuka ardhini. Shangazi yangu wa Ng'ambo, kule Unguja, kwa simu, baada ya kusikiliza kwa utulivu maelezo yote, aliuliza kama nyumba ilifukizwa ubani siku tulipohamia. Na sahibu yangu mmoja, ambaye kazi yake ni kuuza rangi, alionelea kwamba dawa ni rangi. Shauri la huyu wa tatu ndilo lililoshinda, maana ulikuwa mwezi wa Julai, na kipupwe cha Johannesburg ni kikavu hata midomo hupasuka, na kuta zote za mji huonekana zina afya. Ikaja Desemba na mvua zake za alasiri, zenye radi na haraka nyingi, na ile rangi ikaanza kubanduka vipande vipande na kudondokea ndani ya viatu vyangu.

Ndipo akaja fundi wa haki, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mpole mwenye tindo na subira. Aliugonga ukuta, akaunusa, akautazama ule mstari wa rutuba uliokomea chini kidogo ya mita moja, akasema, "Papa, hii ukuta iko inakunywa maji." Akanieleza kwamba tofali na udongo wa kuungia vina vitundu vyembamba mno, na maji ya ardhini huvipanda yenyewe bila ya kusukumwa, mpaka yafikapo mahali ambapo hewa inayakausha kwa kadiri ile ile yanavyopanda, hapo huacha chumvi zake, na chumvi nazo, kwa uroho wake, huvuta unyevu mwingine kutoka hewani. Kwa sababu hiyo lipu iliyokwisha kunywa chumvi haiponi, hubomolewa. Kisha akatoka nje, akasimama kimya mbele ya mchaichai wa mke wangu.

Mchaichai huo ulikuwa umepandwa kwenye tuta zuri lililoegemea ukuta, na lilikuwa likinyunyiziwa maji kila jioni kwa mapenzi. Mafundi hutaka ardhi ya nje iwe chini ya ule utando wa msingi, uzuiao maji kupanda, kwa milimita 150 hivi. Tuta letu lilikuwa limeufukia utando wote na kuuvuka. Fundi alinitazama, nami nikamtazama fundi, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia ndani kutoa habari. Mashauriano yalichukua jioni nzima, chai ya mchaichai ikinywewa kwa wingi kama ushahidi wa upande wa utetezi, na hatimaye sulhu ikapatikana: mmea ungehamia kwenye makopo matupu ya ile rangi, ambayo hivyo yakapata, kwa mara ya kwanza, kazi ya manufaa.

Lipu ikabomolewa hadi kimo cha mita moja. Kwa keekee yakatobolewa matundu, safu moja kando ya sakafu, yakajazwa malai ya silikoni, ambayo huenea ndani ya ukuta na kuvifanya vile vitundu viyakatae maji. Nikauliza ukuta utakauka lini. Hesabu ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na ukuta wangu una milimita 220.

"Karibu miezi tisa, Papa."

Mke wangu alisema kwamba yeye miezi kama hiyo anaijua vizuri, na wakati wake hakuna aliyehamishia kabati sebuleni wala kukaribisha majirani waje kumgongagonga.

Kabati lingali sebuleni, na wageni hupita ubavuubavu. Jirani wa Tanga angali anangoja bomba lake lionekane. Shangazi amekwisha kuitangazia Ng'ambo nzima kwamba ubani umefanya kazi, nami sikuona adabu ya kumpinga mtu mzima. Juzi mwanetu aliulamba tena ukuta, bila ya kuombwa, akatangaza kwamba chumvi imepungua.