Nauli ya Ndege kwa Akili ya Kariakoo: Kutoka Saba Hadi Moja

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hakuna anayelipa bei ya kwanza. Ukitajiwa gauni shilingi 40,000 unacheka, unageuka, unaitwa "njoo basi dada'angu," mnaelewana. Lakini mtu huyohuyo akitaka kwenda kula bata Mwanza au Dubai, anafungua simu, anaona nauli, anaguna, anaifunga. Au analipa palepale bila hata kuuliza! Ndugu yangu, nauli ya ndege ni bei kama bei nyingine. Ina msimu kama nyanya, ina siku za kujaa sokoni na siku za kuadimika. Na wanaolijua hilo vizuri tunaishi nao: wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou, Istanbul na Dubai. Nyingi ya mbinu hizi nimezisikia kwao, kwenye viti vya plastiki mbele ya maduka. Tuhesabu kurudi nyuma.

7. Usikate ndege pale boti inapotosha

Dar hadi Unguja ni kama dakika 20 angani, na kama saa mbili kwa boti ya kasi. Dodoma nako treni ya SGR ilianza kubeba abiria Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, na kutoka Kariakoo stesheni unaiendea kwa miguu. Hela ya ndege itunze kwa safari inayoistahili. Ila shemeji, kama bahari inakuchafua tumbo, panda ndege kwa amani, hakuna atakayekusema.

6. Pima begi sokoni, si kiwanjani

Mfuata mzigo hatoki nyumbani bila kujua kilo zake, maana kilo ya ziada kwenye kaunta ya ndege ina bei isiyopungua hata kwa machozi. Kariakoo mizani haikosekani. Omba kwa muuza mchele yeyote, atakupimia huku akikutania. Halafu isome tiketi vizuri: kwa mashirika mengi, nauli ya chini kabisa ni ya begi la mkononi tu. Siku tatu za Bukoba, viatu jozi sita vya nini, dada? Acha nafasi ya senene.

5. Dai tarakimu 13

Hapa sitanii sana. Kwa mashirika mengi, tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 197 ni Air Tanzania, 176 ni Emirates. Ile namba fupi yenye herufi na tarakimu, jumla sita, peke yake inaonyesha nafasi iliyoshikwa, na nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa hufutwa. Niliwahi kumlipa wakala mmoja nikapewa herufi sita na tabasamu pana. Siku ya safari jina langu halikuwepo. Niliumia, na sitaki mwingine aumie. Ukishalipa, dai namba ndefu saa hiyohiyo, iingize kwenye tovuti ya shirika lenyewe, ulione jina lako kwa macho yako. Wakala mwaminifu huituma kabla hujaomba. Anayekujibu "niamini tu mjomba" huyo, mjomba, usimwamini.

4. Ulizia kiti kimoja kwanza

Hii ndiyo naipenda, kwa sababu familia nyingi hazijawahi kuisikia. Ndani ya ndege moja, viti vilevile vina bei nyingi, na vya bei ya chini ni vichache. Sasa baba anatafuta viti vinne kwa mpigo, wakati vya bei ya chini vimebaki vitatu. Mara nyingi mfumo hauwagawi: unawapandisha wote wanne kwenye bei ya juu. Kwa hiyo tafuta kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Pale bei inaporuka, umeuona mwisho wa fungu la bei nafuu. Kata vitatu kwa bei ya chini, cha nne kwa bei yake. Watoto tu wasikatiwe peke yao, mzazi mmoja awe kwenye tiketi yao. Na nani akae kiti cha bei ya juu? Bibi, bila shaka, na asiambiwe bei.

3. Zunguka, lakini kwa tiketi moja

Ndege ya moja kwa moja unailipia urahisi wake. Anayekubali kupitia Addis Ababa, Nairobi, Kigali au Doha mara nyingi huokoa fedha ya maana. Sharti ni moja: safari yote iwe kwenye tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili ulizounganisha mwenyewe, ya pili ikikuacha imekuacha. Na saa nane za kusubiri kiwanjani si za bure: chai na maandazi viingie kwenye hesabu.

2. Kumbukeni 2012

Novemba 2012 shirika la Fastjet lilianza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli zikianzia dola 20, kama shilingi 32,000 za wakati ule, kabla ya kodi. Mji ulichangamka! Watu waliozoea kulala njiani kwenye basi la Mwanza wakafunga mkanda wa ndege kwa mara ya kwanza. Ila ile bei ilikuwa ya aliyewahi. Jirani aliyekuja siku moja kabla alikuta viti vya dola 20 vimekwisha zamani, akadhani amedanganywa. Fastjet iliacha kuruka Tanzania mwishoni mwa 2018, lakini somo lake halikuondoka nayo: viti vya chini huisha kwanza.

Tatizo letu ni kwamba hela haiji mapema, na ndiyo maana Kariakoo kuna mchezo wa kupeana hela kwa zamu. Mwambie kijumbe akupangie zamu miezi miwili kabla ya safari ya ndani, mitatu au minne kabla ya safari ya nje. Siku ya kupokea, kata tiketi kabla hujapita Mtaa wa Kongo. Ukipita tu, ndege imekuwa gauni.

1. Uliza bei kabla ya kuomba likizo

Wengi tunaomba likizo, tunapewa tarehe, ndipo tunatafuta nauli. Hapo umeingia sokoni ukiwa umeshasema lazima ununue. Geuza. Angalia bei za mwezi mzima, uone Jumanne na Jumatano zinasemaje zikilinganishwa na Ijumaa, kisha ndipo uandike barua.

Chukua Desemba. Wiki ya Krismasi Wachaga wanakwenda nyumbani, na kiti cha Dar kwenda uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kinatafutwa kama maji ya kiangazi. Lakini ndege iliyowapeleka lazima igeuze kurudi Dar, na upande huo haugombewi hivyo. Una ndugu Moshi? Waje wao, mle pilau ufukweni Kigamboni. Wewe nenda Novemba, au subiri Januari wimbi lote likisharudi. Masika nayo, Aprili hadi Mei ukiruka Pasaka na Idd, wageni hupungua, na Unguja hata hoteli hushusha bei. Mvua ipo, ndiyo. Na Msimbazi hainyeshi?

Bosi akishangaa kwa nini unataka wiki ya pili ya Mei wakati wenzako wanagombea Desemba, mwonyeshe nauli. Akisema naye anakuja na mama watoto, rudini namba nne, muulizie kiti kimoja kwanza.